Lenzi Yangu, Bodi Yake

Kaka yangu ana roho mbaya, na nalisema hili akiwa hai na macho ya kusoma anayo. Watu wa Mikindani watasema namwonea, maana kwao yeye ni mtu wa watu, wa kwanza msibani, wa kwanza harusini. Sawa. Wao hawakugawana naye urithi.

Baba yetu alikuwa mpiga picha. Kamera yake ya maana ilikuwa moja tu, ya chuma, nzito, ya zile ambazo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha lenzi mpaka sura zinakaa pamoja, ndipo unapiga. Alikwenda nayo mpaka Kitaya, kule mtoni, kuwapiga watu picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Lenzi yenyewe ilikuwa inavutwa nje wakati wa kupiga, na kazi ikiisha inasukumwa ndani. Baba hakuwahi kuweka kamera mezani lenzi ikiwa nje. Aliizungusha kidogo kwa kidole gumba, akapuliza kioo, akaisukuma kwa kiganja, na kila mara aliiambia, "Haya, kalale." Hicho ndicho alichotufundisha mwanzo, mimi na kaka, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiiacha nje ulikula kofi.

Alipofariki, tulikaa baada ya arobaini kugawana. Nyumba na vyombo havikuleta neno. Ilipofika kamera, shehe akasema kitu kisichokatika waelewane ndugu wenyewe. Kaka akajikohoza. "Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja," akasema. "Mimi nichukue bodi, ile kamera yenyewe, na mkoba wake, dada achukue lenzi." Alisema kwa upole, sauti ya mtu anayekuonea huruma. Watu wazima waliokuwepo wakaitikia, wakaona haki imetendeka. Mimi nilijua alichokuwa anataka. Alidhani nitakaa na kile kipande cha kioo, nitakichoka, kisha nimpelekee mwenyewe kwa mikono miwili.

Nikakifunga kwenye khanga, nikaondoka. Potelea mbali.

Nina studio Magomeni, hii ya kwetu, si ile ya Dar. Napiga picha za pasi, za harusi, na zile shughuli za ndani za wanawake ambazo wapiga picha wa kiume wanabaki nje wakinywa soda. Kamera yangu ni ya dijitali, nimeinunua kwa jasho langu, na hakuna aliyenirithisha. Nikaagiza adapta Dar, pete ya chuma nyembamba, upande mmoja unakaa kwenye kamera yangu, upande wa pili unaipokea lenzi ya baba kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa. Ya kwanza ilikuwa inacheza kama jino bovu, nusu ya picha kali, nusu imefifia. Nikairudisha kwa maneno makali. Ya pili ikakaa. Kuitazama lenzi kwenye mwanga, nikakuta ndani mna ukungu, nyuzi nyuzi, maana hewa ya pwani yetu haina adabu na kioo. Nikaifungua, nikaufuta kwa pamba na dawa huku nimebana pumzi.

Kufunga, kamera ikaniandikia kwamba haina lenzi. Lenzi ninaiona, nimeishika, yeye anasema haipo. Niliitukana. Kumbe kuna mahali pa kuiambia ipige hivyo hivyo, iache ubishi.

Jambo moja lilinitia hofu tangu siku hiyo. Kwenye kamera ya baba, nyuma ya lenzi kulikuwa na nafasi tupu, ndiyo maana ilikuwa inalala ndani. Kwenye yangu hakuna nafasi. Kile kioo kinachopokea picha kiko karibu, ukiisukuma lenzi ndani unakigonga. Kwa hiyo ikabidi niufundishe mkono wangu kuacha lenzi nje. Si kazi ndogo. Kila nilipomaliza kupiga, kidole gumba kilianza kwenda chenyewe, na mimi nikajikemea mbele ya wateja.

Picha ya kwanza niliyoipenda niliipigia Mikindani, kwenye chumba cha bibi harusi, dirisha moja, bila flashi. Shangazi mtu alikuwa anamchora hina. Nilizungusha lenzi taratibu mpaka mkono wa yule mama ukatulia, nikapiga. Ngozi ilitoka na joto lake, pembeni pamelainika, ile hali iliyokuwa kwenye picha zote za baba na ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka yote bila kuipata kwa lenzi za kisasa. Nilikaa kwenye mkeka wa watu nikalia, wakadhani nalilia harusi.

Si wote walioipenda. Mmoja aliniuliza mbona nimempiga kama marehemu. Nikampigia nyingine kwa lenzi ya kisasa, sura ikatoka imesuguliwa kama sufuria, akafurahi, akaenda zake. Lakini wengine walianza kuja kwa ajili ya ile, wanasema, "Nipige na ile ya mzee." Nilikuwa nimepata kitu kilicho changu.

Hapo ndipo kaka akaikumbuka lenzi. Kuna mgeni alikuwa amepanga Mikindani, mkusanyaji wa kamera za zamani, akaiona bodi kwa kaka akaitaka. Lakini aliitaka nzima. Kaka akanipigia, yeye ambaye sikukuu kwa sikukuu hanipigii simu. "Dada, ile lenzi si hufanyii kitu." Nikamwambia naifanyia kazi kila siku ya Mungu. "Basi tuuze, tugawane." Nikamuuliza tutagawana vipi, mafungu mawili kwa moja? Akakata.

Akamtuma mama. Mama yetu hapendi makelele, akisikia tunavutana anaumwa kichwa. "Mpe kaka yako, mwanangu," akaniambia kwenye simu. "Lenzi si mume."

"Ingekuwa mume ningempa," nikamjibu. Akacheka, akajikaza, akaniambia mgeni anaondoka karibuni na nifikirie. Sikuwa na la kufikiria. Lenzi ikienda, zile picha zinakwenda nayo, na ninabaki mpiga picha za pasi kama wengine wote wa mtaa ule.

Kaka akaja mwenyewe Magomeni. Ilikuwa msimu wa korosho, viatu vimejaa vumbi la ghala. Hakukaa. Kamera ilikuwa juu ya kaunta, lenzi imefungwa, nje kama ilivyo siku zote.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo. Na haiuzwi."

"Naangalia tu. Kuangalia nako kunauzwa?"

Akaichukua. Nilimwachia kwa sababu nilitaka aone, nilitaka imuume. Akanielekezea, akazungusha lenzi, akapiga. Kisha akageuza kamera atazame kioo cha nyuma, akaitazama ile picha yangu muda mrefu. "Umefanana na mama," akasema, na sauti haikuwa ya ugomvi. Macho yake yalikuwa bado kwenye picha. Kidole gumba kikaizungusha lenzi. Akainamisha kichwa, akapuliza. Kiganja kikaja.

"Haya, kalale."

Nilisema usi-, sikumaliza. Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiti cha kiberiti kinavunjika. Picha yangu ikaingia mstari katikati, halafu kioo kikawa cheusi.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia hana haya, ana kijicho, amekosa cha kuuza amekuja kuniulia kazi. Nilisema mpaka wateja waliokuwa kwenye benchi wakatoka nje. Yeye alisimama na kamera mikononi, amekodoa macho. "Si ndivyo baba alivyotufundisha?" akasema. "Si ndivyo?"

Ndivyo. Na hilo ndilo lililonikata maini. Angefanya kusudi ningepumua, ningemchukia vizuri, ningelala. Lakini nilikuwa nimeona kidole gumba, nimeona shingo ilivyoinama, nimesikia lile neno, na kwa muda ule mfupi aliyekuwa amesimama kwenye kaunta yangu alikuwa baba. Nikamwambia atoke. Akatoka.

Lenzi haikupata hata mkwaruzo. Kamera ndiyo iliyokufa. Nikaazima kamera kwa mwenzangu ili harusi za watu zisiharibike, adapta ikagoma kukaa kwenye ile ya kuazima, basi lenzi nikaifukia kwenye kopo la mchele, kama baba alivyokuwa akiihifadhi kamera isipate unyevu. Mgeni wa Mikindani akaondoka bila kununua. Kaka sikumdai chochote, maana kumdai ni kuongea naye.

Idd ilipofika mama akatuita wote wawili, na akaniambia nije na lenzi. Nilijua anataka nini. Nikaenda nimejiandaa kwa vita, nimeishika kwenye pochi kwapani. Kaka alikuwa ameshafika, bodi iko mapajani mwake. Hatukupeana mkono.

"Iunganisheni niione," mama akasema. "Sijaiona nzima tangu alipoondoka."

Nikamsogezea kaka, yeye akashika bodi, mimi nikaizungusha lenzi mpaka ikakaza. Haikuhitaji pete wala kuambiwa kitu. Mama akamtazama kaka, akasubiri. Kaka akanitazama mimi. Sikumkataza, kwenye bodi ile haina ubaya. Akaivuta nje, kisha akazungusha kwa kidole gumba, akapuliza, akasukuma, akasema, "Haya, kalale." Ikaingia yote, kimya.

Mama akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Tena," akasema.

Akarudia.

"Tena, mwanangu."

Nilikuwa nimekuja na maneno, niliyapanga njiani kote. Badala yake nilikaa pale nikiomba mama aseme tena. Alisema. Kaka akarudia mpaka mama akatikisa kichwa kwamba basi, akanyanyuka kwenda jikoni, machozi yanamtoka.

Tukabaki wawili. Nikanyoosha mkono kuichukua lenzi yangu. Alijua naondoka nayo, na nilijua bodi hataniachia. Akaikamata bodi kwa mikono miwili, akaituliza, ili niweze kuifungua lenzi.