Amina Ambayo Sikuitikia

Chama chetu cha Wakenya tunaoishi ugenini hapa Kansanga kina desturi moja: kikao kikishafungwa kwa maombi, neno lililoamuliwa halifunguliwi tena. Ukiitikia amina, umekubali. Miaka yote niliiona desturi nzuri, inatuepusha na makelele. Mpaka Jumapili ile walipomhukumu kaka yangu.

Mwenyewe hata hakuwepo. Alikuwa Kisenyi, kwenye duka lake la vipuri, hana habari kama kuna kikao. Binti aliyemwajiri alikuwa amesema kaka alimshika kwa nguvu stoo. Alikwenda na mama yake polisi, wakaandikisha malalamiko, wakaambiwa pande zote zitaitwa. Hapo sina neno. Lakini kuna mtu aliichukua habari hiyo akaitupa kwenye grupu la chama, na picha za wote wawili, na kabla chai yangu haijapoa kaka alishakuwa mnyama, na binti wa watu naye alishakuwa malaya. Huyu anaandika afukuzwe, yule anauliza msichana alivaa nini. Wazee wa kanisa hao! Kwa hasira simu ikaniponyoka ikaingia kwenye beseni la vyombo.

Wakasema namtetea ndugu yangu. Jamani, namtetea kwa lipi? Sikuwemo stoo. Nilimuuliza uso kwa uso, akaapa hakufanya. Nikamwambia, "Kiapo hicho kampe hakimu. Mimi dada yako siwezi kukusafisha." Nilichotaka ni kitu kimoja tu: kesi isikilizwe. Kama alifanya, afungwe. Kama hakufanya, ijulikane hivyo mbele ya watu walewale waliomchafua.

Kikaoni mwenyekiti alisimama akasema viongozi wameshaamua. Kaka yangu anatolewa chamani. Familia ya binti nayo ikaifute kesi polisi, wenyeji wetu Waganda wasije wakatucheka. "Haya ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani," akasema, na watu wakapiga makofi. Makofi! Nikainua mkono, akajifanya hanioni. Nikapaza sauti, "Ndugu mwenyekiti, mmemsikiliza nani?"

"Dada," akanijibu, "tuombe."

Vichwa vikainama. Akaanza kumshukuru Mungu kwa hekima aliyowapa. Hekima gani, wewe? Hujamuuliza binti, hujamuuliza kaka, unamsingizia Mungu! Nilikataa kufumba macho. Nikawa natazama visogo vya watu, na karibu na mlango nikaona macho mengine yaliyo wazi. Alikuwa mama wa yule binti. Tangu mambo haya yaanze hatukuwa tumesalimiana.

Ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nikapenya katikati ya viti nikimwendea, na watu wakageuza shingo, wakijua leo patachimbika. Nadhani hata yeye alijua hivyo, maana aliubana mkoba wake kifuani.

"Mama," nikamwambia, "usiifute hiyo kesi."

Akanitazama kwanza, kama anayetafuta mtego uko wapi.

"Siifuti," akasema. "Kwani nani aliniuliza? Kesho asubuhi tunarudi kituoni."

"Basi tutakutana huko," nikasema. "Kaka yangu nitamleta mwenyewe."