"Cold" ya Mtoto wa Somoe

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo natazama chini, ingawa mvi zimenijaa kichwani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa shangazi Kilwa Masoko, na Kiingereza changu nilikuwa nakiringia kama kanga mpya. Zahanati ilikuwa imepata daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Asubuhi hiyo muuguzi wetu, Bi Mwanahawa, alikuwa ametoka kwenda kumzalisha mama mmoja, basi nikaombwa nitafsiri.

Akaja Somoe, mama kijana kutoka Njinjo, na mwanawe mgongoni. Daktari akampima mtoto, akampa dawa ya homa, akasema ana "cold" tu. Neno hilo nililijua tangu darasani: "cold" ni baridi. Nikamwambia Somoe, "Mtoto ana baridi."

"Baridi?" akauliza. "Mbona mwili unachemka, dada? Hebu muulize tena."

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliona nikiuliza, watu wote pale kwenye benchi watajua kwamba sijui. Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Ndivyo alivyosema. Mfunike."

Somoe aliniamini. Akaketi barazani, akamfunga mtoto kwa kanga zake, akaazima na blanketi. Jua la Kilwa unalijua. Hata dawa haijafanya kazi, nikasikia yowe. Macho ya mtoto yamegeuka, viungo vimekakamaa. Degedege.

Bi Mwanahawa ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Akamfungua nguo zote, akamlaza ubavu, daktari naye akaja mbio. Mtoto akatulia, kisha akalia, na alhamdulillahi akapona. Somoe akanitazama. "Si ulisema ana baridi?"

Nikainama kuokota kanga zake.

Bi Mwanahawa akanivuta kando. Hakupandisha sauti. "Wenzetu Waingereza zamani waliamini baridi ndiyo inayoleta mafua," akasema, "basi mafua nayo wakayaita baridi. Mtoto ana mafua. Na mtu asiye na huruma, wao humwita kwa neno hilohilo." "Mama wa watu alikuomba uulize. Kwa nini hukuuliza?"

Nililia, mwanangu. Kutojua neno kungesameheka, ila si kukataa kuuliza. Nilimfuata Somoe nikamwomba radhi mbele ya benchi lilelile. Akasema, "Yameisha, dada. Ila siku nyingine ukiambiwa uulize, uliza." Akanipa mtoto nimshike wakati anafunga mzigo wake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Maneno ya watu yana maana juu ya maana, usijivunie ile moja uliyofundishwa. Anayekutegemea akikuomba uulize, uliza, hata ukichekwa. Aibu ya kuuliza ni ya kitambo kidogo. Ya kujifanya unajua, mimi nimezeeka nayo.

Mola akupe ulimi wenye subira na moyo wenye huruma, na akukuzie wanao salama. Amin.