Ukili wa Chini ya Kitanda

Nimechoka, ndugu yangu. Sisemi uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Nasema uchovu wa moyo unaokwenda mbio nami nimekaa tu, kwenye meza ya mapokezi hotelini Diani, mgeni ananisalimia na mikono inakufa ganzi. Juzi nilikimbilia chooni nikidhani ndiyo nakata roho. Meneja ameshasema, ikitokea tena nibaki nyumbani moja kwa moja.

Muuguzi wa Msambweni alinipima, akasema moyo ni mzima, ni wasiwasi. "Dada, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Na mikono uipe kazi." Wallahi nilicheka. Hayo nilifunzwa kwa bibi, kule kijijini Mwabungo, kabla sijajua kusoma.

Ukirudi unalia, umefukuzwa na mbwa au umechapwa na mwalimu, bibi hakuulizi kitu. Anakusogezea beseni la ukindu uliorowekwa, rangi yake nyekundu ikitutia madoa vidoleni. "Suka kwanza." Basi unasuka ukili wa mkeka, muhogo wa nazi unatokota jikoni, na hakuna kusema mpaka ukili ufike kiwikoni. Ukivuta kwa hasira unakatika. Ukiharakisha unapinda, naye anaufumua wote. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," atasema, nasi tunanuna. Lakini ukifika kiwikoni, kilio chenyewe umekisahau.

Mwenyewe alisuka kila siku, akiuzungusha ukili kuwa mizingo na kuisukuma chini ya kitanda. Jirani alimtania, "Mkeka gani huo, bibi, usioshonwa?" Alicheka tu. Nami nilimwona ndiye mtu mtulivu kuliko wote duniani.

Jana nikampigia mama simu, nikamweleza maradhi yangu.

"Kwani hukujua, mwanangu? Bibi yako alikuwa na moyo huohuo, tangu alipomzika mwanawe wa kwanza. Ukimwenda mbio, anasuka. Hakuwa na haja ya mkeka."

Masikini bibi yangu! Nyumba ile imebomolewa, na mizingo yote iliwashiwa moto wa pilau siku ya hitima yake.

Leo nimezunguka soko zima la Ukunda, mikeka ni ya plastiki mitupu, mpaka nikapata kifungu kimoja cha ukindu. Kesho naingia kazini. Nimesuka hadi kiwikoni, nikautazama: umepinda. Hakuna aliyebaki wa kuufumua. Nimeufumua mwenyewe, nikaanza tena.