Vidole Vitatu vya Wendell

Hoquiam, mji wa wakata magogo kule Marekani, hakuna aliyejua kuoka mkate wa iliki kumshinda Arlene Haapala, na Jumamosi ile hakuna aliyemshinda hasira pia. Mkate alifundishwa na mama yake, Mfini wa watu. Hasira alizilea mwenyewe, tangu bendi ya Sinker ilipovuma dunia nzima na jina la kaka yake lisitajwe popote.

Sinker, kule kwao, ni gogo lililozama mtoni likakataa kuelea. Wale vijana walichagua jina hilo kwa kuwa baba zao wote walipata riziki kwenye magogo. Walianza kupiga katika ukumbi wa Wafini, paa likivuja, na waliokuja kusikiliza ni ndugu zao, na mbwa wa jirani aliyefuata joto la jiko. Arlene hakukosa hata mara moja, maana yeye ndiye aliyekuwa na leseni ya gari. Aliwaendesha, akawabebea spika, akawafokea walipotapika garini. Mpiga ngoma alikuwa Wendell, kaka yake.

Sasa Wendell mchana alikuwa kwenye kiwanda cha vigae vya kuezekea, vya mbao ya mwerezi, na msumeno wa kule hauna adabu. Ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Watu wa kule wengi mikono yao haijatimia, ukisalimiana nao hushtuki. Basi akarudi kwenye ngoma na vidole vitatu. Kupiga haraka hakuweza tena. Kila pigo lilichelewa kidogo, kisha likashuka zito, kama mtu anayetua gunia. Wenzake ikabidi wamsubiri, gitaa nalo likajifunza kukokota. Ndivyo ulivyozaliwa ule muziki mzito ambao bendi za nchi za mbali zinauiga hadi leo. Lakini walipoitwa Seattle kurekodi, walimwacha Wendell wakamchukua Randall, mwenye vidole vyake vyote, wakamwambia apige kama Wendell. Akapiga, akasifiwa mpaka akafa.

Jumamosi hiyo mashabiki wa zamani walikuwa wanakutana ukumbini kukumbushana. Arlene alimleta Wendell kwa pikapu, lakini walipofika, Wendell hakushuka.

"Kaka, twende."

"Nenda wewe. Mimi nasikiliza mvua."

"Mvua unaisikiliza tangu uzaliwe!"

"Ndiyo maana tumezoeana."

Arlene akaingia peke yake na mkate wake. Alitaka jambo moja tu: watu walitaje jina la Wendell naye angali hai, maana vumbi la mwerezi lilishamjaa mapafuni, na kila msimu wa baridi ulikuwa unamwacha amepungua.

Ndani kulijaa mashati mazito ya miraba, yaleyale ya zamani, ila sasa vifungo vilikuwa vinashindana na matumbo. Duane Skagen, muuza matairi, alikuwa ameng'ang'ania maiki.

"Nilikuwepo mimi! Siku ile dari ilipoanguka kwa mshindo wa besi!"

"Dari haikuanguka, Duane," alisema Arlene. "Ulianguka wewe, kwa bia."

Watu wakacheka. Colleen wa duka la maua akadakia kwamba umati siku ile ulifika hadi barabarani.

"Umati gani, mama?" Arlene alimkatiza. "Hata meza mbili hatukuzijaza!"

"Basi nyamazeni," alisema Duane. "Mimi nakumbuka mapigo ya Randall. Yale ndiyo yaliyobadilisha muziki."

Arlene akamnyang'anya maiki. "Mapigo yale si ya Randall! Ni ya kaka yangu Wendell. Randall aliyaiga tu."

"Aa, Arlene!" alidhihaki Duane. "Hapa Hoquiam kila mtu ana kaka aliyepiga ngoma Sinker. Hata mbwa wangu alipiga!"

"Wendell yupi, yule asiyesalimia watu?" aliuliza Colleen. "Picha iko wapi?"

"Nani kati yetu alikuwa na kamera? Tulikuwa tunagawana viatu!"

Lakini maiki ilishachukuliwa. Vijana waliokodiwa kupiga nyimbo za Sinker walikuwa tayari, na kelele za gitaa zikamfunika Arlene na maneno yake. Akatoka nje.

Wendell alikuwa ameshusha kioo, mvua inamlowesha mkono, anagonga mlango wa gari.

"Wanakimbia," alisema.

"Kina nani?"

"Hao vijana. Wanapiga kama wanafukuzwa na dubu."

"Basi ingia ukawaambie!"

Akashuka. Arlene alimbembeleza miaka yote kwa ajili ya jina, asishuke. Leo kashuka kwa sababu ya mwendo wa ngoma.

Wendell alipita katikati ya watu, akamnong'oneza mpiga ngoma, na yule kijana akampisha kiti. Akashika kijiti kwa vidole vitatu. Pigo la kwanza lilichelewa, likashuka, na mbao za sakafu zikanguruma. Gitaa likamsubiri. Colleen akaanza kufuta machozi. Mlangoni, Arlene alishika mashavu akisema moyoni: haya, sasa si mnaona wenyewe?

Alipomaliza, ukumbi ulilipuka. Duane akamkumbatia.

"Bwana we! Umempatia Randall kabisa, kama amefufuka! Umejifunzia wapi?"

Wendell alitazama mkono wake, akamtazama Duane.

"Hapahapa," alisema, akarudisha kijiti.

"Hesabuni vidole, vipofu ninyi!" alipiga kelele Arlene, lakini nani wa kumsikia? Akaenda mezani, akaufunga mkate wake kwenye kitambaa, mkono wa Colleen ukiwa njiani kuchukua kipande.

"Arlene! Sijapata kipande cha pili!"

"Kamwombe Randall akuokee."

Kwenye pikapu alimkatia Wendell kipande, naye akajikatia, akatafuna kama anayegombana na mkate.

"Umesikia walivyosema?"

"Nimesikia."

"Na ukanyamaza!"

"Safari hii hawakukimbia," alisema Wendell, uso umemchangamka.

"Mwakani hatuji."

"Tutakuja. Yule kijana nimemwahidi kumwonyesha tena."

Arlene akawasha gari kwa nguvu mpaka injini ikakoroma. Mkate wa mwakani, aliapa, ataoka mmoja tu, nao utabaki humu ndani ya pikapu.