Usingizi wa Tableti ya Ndengu

Tableti ya kuandikia kilo za ndengu ilitutoa jasho. Mnunuzi wa soko la Kathonzweni akiifunika inalala, akiifunua skrini inawaka, lakini akiigusa haisikii kidole. Sisi tulioiandikia programu, mezani kwetu Tawa, tuliilaza, tukanywa chai, tukaiamsha: haina neno. Nilikasirika, nikasema shida ni vidole vya mnunuzi vyenye vumbi.

Mwenzangu, mwanamke ninayeandika naye programu, hakubishana nami. Alienda sokoni akaketi kando ya mizani asubuhi nzima. Aliporudi alisema, "Wewe unailaza muda wa chai. Yule anaifunika wanawake wakipepeta ndengu, na vumbi likipita tu anaifunua."

Hapo nikaona. Draiva, ile programu ndogo inayoendesha skrini, ilikuwa inakata umeme wa chipu inayohisi kidole kila tableti inapolala. Ikifunikwa na kufunuliwa haraka hivyo, chaji haijaisha ndani ya chipu. Umeme unairudia ikiwa nusu macho, haijui ianzie wapi. Mwenzangu aliandika mistari michache tu: kabla umeme haujakatwa, chipu ishikiliwe kwenye riseti, yaani izuiwe kufanya kazi yoyote; umeme ukirudi na kutulia, ndipo iachiliwe ianze upya.

Tuliirudisha sokoni pamoja. Wanawake wakapepeta. Mnunuzi akafunika, akafunua, akagusa, akaendelea kuandika kilo. Hata hakutuangalia. Nilitaka kumwambia hiyo ni kazi ya nani, lakini mwenzangu akanivuta shati.

"Mwache," akasema. "Akituangalia, ujue imeharibika tena."