Beseni la Maji ya Chumvi

Nimewahi kuwadharau watu, lakini si kama nilivyowadharau wale watatu walionisaili shuleni kwao Masasi: mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, na mwenye shule, aliyechokonoa meno kabla hajala. Walitaka mwalimu mmoja wa fizikia. Nami, mwaka wa pili nikiwa na shahada na bila kazi, niliitaka nafasi ile hadi nikatokwa na vidonda mdomoni.

Kila msailiwa aje na zana ya kufundishia aliyoitengeneza mwenyewe. Nilitengeneza mashua ya boya jeupe, lile jepesi linalokinga televisheni ndani ya boksi. Chini nilibandika sumaku ya spika mbovu, kushoto na kulia vipande vya bati, juu betri. Haikuwa na injini wala pangaboi. Umeme hukatiza majini toka bati hadi bati, nguvu ya sumaku husukuma maji nyuma, mashua ikaenda mbele. Sharti maji yawe ya chumvi, maana maji matamu hayapitishi umeme wa kutosha.

Niliijaribu Newala, kwa mama mkubwa.

"Maji ya kupandishwa mlima, wewe unayatia chumvi?" aliniuliza. "Hiyo shahada walikupa au uliokota?"

Pale shuleni mpishi aliniazima beseni la maji. Nikamwaga pakiti nzima ya chumvi, nikakoroga, kisha nikaenda chooni kwa mara ya tatu. Niliporudi wasaili walikuwa wamekaa. Nikaiweka mashua. Ikaelea tu kama ganda la yai.

"Injini iko wapi?" aliuliza mwenye shule.

"Haina, mzee."

"Ndiyo maana."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu ambao hawajawahi kushika bisibisi. Mimi nikageuza nyaya, nikasugua bati, nikakumbuka makosa kumi na mawili yanayowezekana na kuyapanga kwa uzito. Kuchovya kidole na kuonja hakukuwamo.

"Tutakujulisha," alisema mkuu wa shule, na wakaenda kula.

Mpishi akaja kuchukua beseni lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yale maji mabaya nilikubadilishia. Niliona unga mweupe chini, nikaonja, nikasema mtoto wa watu kapewa maji ya chumvi siku ya usaili!"

"Ukayamwaga?"

"Nimwage maji, nina wazimu? Nimeyatia kwenye maharage."

Nilimwomba chumvi. Akaleta kiganja kizima. Mashua ikatetemeka, ikatoa mapovu kwenye mabati, ikaondoka.

"Inakwenda!" akapiga makofi. "Na ikifika ukingoni?"

"Inagonga."

"Basi?"

"Basi, mama."

Toka bwaloni sauti ya mwenye shule ilipaa: "Leo maharage yamekolea! Mpishi apewe pongezi!"

Hatua ishirini tu zilinitenga nao. Ningewaita. Lakini nikiingia wakiwa wanatafuna, nitaonekana sina adabu. Nikisubiri wamalize, watakuwa wamenisahau. Nikimtaja mpishi, nitamponza. Na kwa nini nimwombe hisani mtu anayesifu maji yangu kwenye sahani yake na kuyacheka kwenye beseni? Niliwadharau vizuri kabisa, kwa ufasaha, nimesimama palepale.

Nilikuwa bado naipanga sentensi ya kwanza betri ilipokwisha.