Mafuta ya Mlangilangi Niliyomsingia Mwanaisha

Kazi yangu ni kusinga mabibi harusi hapa Ng'ambo, kuwasugua mwili kwa mafuta ya kunukia, na wiki iliyopita nilijifedhehesha. Mafua yalinizibia pua siku tatu, sinusi hata moshi, lakini sikumwambia mtu. Niliogopa kazi ya harusi ya Mwanaisha itapewa msingaji mwengine.

Alasiri Mwanaisha akajilaza mkekani, mama yake na shangazi zake wametuzunguka. Nikatoa kichupa, nikajitia kunusa kwa mbwembwe.

"Mlangilangi huu maua yake yamechumwa alfajiri," nikasema. "Mumeo hatotoka ndani."

Nikammiminia mgongoni, nikasugua.

"Bi Zuhura, yanawasha."

"Ndiyo uzuri wake, mwanangu." Nikaongeza.

Mara akainuka analia. Mgongo wote ulikuwa mwekundu. Mama yake akaninyang'anya kichupa, akanusa.

"Haya mafuta ya karafuu, tunayotia jino likiuma. Kwani wewe hunusi?"

"Sinusi, dada," nikasema mbele ya wote. "N'na mafua."

 Mama yake akaanza kumfuta bintiye kwa mafuta ya nazi, na nilipotaka kusaidia, akaisukuma mikono yangu kando.